Kamera Ndogo na Historia Yetu Chini ya Mlima Meru

Taifa lolote linalotaka kujijua halina budi kujiuliza mambo mawili: historia yake imehifadhiwa wapi, na ni nani aliyeihifadhi. Kwa muda mrefu tumezoea kuyatafuta majibu katika masimulizi ya wazee, katika nyimbo, katika majina ya mahali na katika vitabu. Ni mara chache tumeyatafuta katika picha. Hata hivyo picha nayo ni hati kama zilivyo hati nyingine. Ina aliyeitengeneza, ina wakati wake, ina makusudi yake, na pengine ina uongo wake.

Katika insha hii tunakusudia kueleza historia ya kamera katika nchi iliyo chini ya Mlima Meru, tangu ilipokuwa sanduku zito la kubebwa na wapagazi hadi ilipokuwa chombo kidogo kinachoingia katika mfuko wa koti la mwalimu. Tutautazama mkondo huo tukiwa Sekei, kata ya Jiji la Arusha iliyo upande wa juu wa barabara iendayo Moshi, pale ambapo mji huanza kupanda kuelekea mlimani. Hoja yetu ni kwamba kuwa na kamera si sawa na kuwa na picha, na kwamba kizazi chetu, ambacho kimepata kamera kuliko kizazi chochote kilichotangulia, kimo katika hatari ya kuwaachia wajukuu picha zisizo na majina, kama zile tulizoachiwa na wageni.

Kamera iliyokuja na mgeni

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa rasmi mjini Paris, Ufaransa, mwaka 1839. Haukukawia kufika pwani yetu. Mwaka 1860 James Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha mto Nile, alipiga picha mjini Zanzibar. Baadaye Wagoa, kama A. C. Gomes, walifungua studio kisiwani humo, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akaanzisha Capital Art Studio, ambayo ilikuja kuwa hazina kubwa ya picha za Unguja. Kwa hiyo mwenyeji wa pwani aliwahi kupata mahali pa kuingia kwa hiari yake, amevaa nguo aipendayo, akalipa, akatoka na sura yake mkononi.

Huku Meru mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Kamera ilikuja nyuma ya bunduki. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa huko Akeri katika nchi ya Wameru. Majeshi ya Wajerumani yakajibu kwa vita vya kuadhibu, mashamba ya migomba yakaharibiwa na mifugo ikatekwa. Mwezi Machi 1900 viongozi kumi na tisa walinyongwa mjini Moshi, miongoni mwao Mangi Meli pamoja na viongozi wa Wameru na Waarusha. Wakati huo ndipo wenyeji walipolazimishwa kujenga Boma la Arusha, jengo ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe.

Msomaji na aangalie jambo moja la ajabu. Mwaka uleule wa 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza nchini Marekani kamera ya Brownie kwa bei ya dola moja tu, ili hata mtoto aweze kuinunua. Mtoto wa Marekani alipokuwa akijifunza kumpiga picha mbwa wake, vijana wa Meru walikuwa wakichukuzwa mawe ya kujengea Boma. Tofauti hiyo haikutokana na akili ya mtu wala na wepesi wa mikono yake. Ilitokana na nani alikuwa mtawala na nani alikuwa mtawaliwa.

Baada ya vita hivyo wamisionari walirudi na kujenga vituo kama Nkoaranga na Ilboru. Walipiga picha nyingi: makanisa, shule, masoko, nyumba, mavazi na milima. Hatuna budi kuwashukuru kwa uangalifu wao, maana picha hizo zilitunzwa Leipzig, na siku hizi sehemu yake kubwa yaweza kutazamwa kwa intaneti katika hifadhi ya picha za misheni iliyo katika Chuo Kikuu cha Southern California. Lakini tuyasome maelezo yaliyoandikwa chini yake. Mara nyingi jina la mmisionari lipo, na jina la mlima lipo. Mwenyeji aliyesimama mbele ya kamera huwa ni “mwanamke”, “shujaa”, au “wanafunzi wa shule”. Bibi wa mtu fulani yumo humo, ila mjukuu wake hawezi kumtafuta kwa jina.

Wapo pia waliokuja kwa ajili ya wanyama. Mjerumani C. G. Schillings, mwanzoni mwa karne ya 20, aliwapiga wanyama picha za usiku katika mbuga za Wamasai karibu na Kilimanjaro kwa kuwasha unga wa magnesi, naye akatoa kitabu kilichosomwa sana Ulaya mwaka 1905. Sahani za kioo, dawa na masanduku yake vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Jina lililo juu ya jalada ni lake peke yake. Desturi hiyo iliendelea miaka mingi. Mwaka 1962 ilionyeshwa duniani filamu ya Hatari!, aliyoiongoza Howard Hawks na kuigizwa na John Wayne, ambayo sehemu zake nyingi zilipigwa katika nchi yetu, pamoja na Momella iliyo chini ya Meru. Watu wengi wa ng’ambo walilijua jina la Arusha kwa filamu hiyo, na walichojua ni vifaru, twiga na Wazungu wenye magari.

Mwenyeji anapoandika habari zake mwenyewe

Tusidhani, hata hivyo, kwamba wenyeji walikaa kimya. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, na nyumba zao zikachomwa moto. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Twajua mengi juu ya kesi hiyo kwa sababu Kirilo Japhet mwenyewe, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, aliiandikia kitabu kilichotolewa mwaka 1967. Aliyetendewa ndiye aliyeandika, naye akaandika kwa majina ya watu na ya mahali. Huo ndio mfano tunaopaswa kuuiga tushikapo kamera.

Katika upigaji picha wenyewe twaweza kumtaja Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kusoma Dar es Salaam, naye alianza kazi akiwa mtoto wa shule kwa kamera ya mtumba ya Box Brownie, ile kamera ya watoto tuliyoitaja. Mwaka 1963 aliasisi Camerapix mjini Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Visiwa vya Komoro. Maisha yake yaonyesha kwamba chombo duni mikononi mwa kijana mwenye nia chaweza kufungua njia ndefu.

Baada ya Uhuru wapigapicha wa Idara ya Habari walihifadhi sura za mambo makubwa ya taifa, na Arusha ilikuwa na sehemu yake, hasa lilipotangazwa Azimio la Arusha mwezi Februari 1967. Mwananchi wa kawaida alikwenda studio. Huko alipiga picha ndogo za kitambulisho, picha ya harusi, au picha ya familia mbele ya pazia lililochorwa bustani. Kamera ya mwenyewe ilikuwa anasa. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kila kibonyezo kiligharimu fedha. Filamu na karatasi zilinunuliwa kwa fedha za kigeni, nazo ziliadimika sana wakati wa shida za uchumi zilizofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Sekei, kama ilivyo kwingineko nchini, picha za miaka ile zinahesabika, na kila moja ina hadithi yake. Ule uhaba uliwafundisha wazee wetu kuithamini picha.

Kamera ndogo isiyotumia filamu

Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali, yaani kamera inayogeuza mwanga kuwa tarakimu badala ya kuuchora juu ya filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye ukanda wa kaseti. Kampuni iliyoizaa mashine hiyo haikuifuata kwa bidii ya kutosha; mwezi Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Wengine waliendelea. Mwaka 2000 Canon ilitoa PowerShot G1, na baada yake likakua kundi la kamera ndogo zilizokusudiwa watu wanaoupenda ufundi huu bila kuwa wapigapicha wa kazi. Mwaka 2011 ikaingia madukani Fujifilm X100, mwaka 2012 Sony RX100, na mwaka 2013 Ricoh GR. Kamera hizi zina sifa tatu zinazozitofautisha na kamera ndogo za kawaida. Kwanza, kitambuzi chake cha mwanga ni kikubwa zaidi. Kile cha RX100 kina upana wa milimita 13 na kimo cha milimita 9 hivi, na kile cha X100 ni kikubwa kupita hicho. Kitambuzi kikubwa hupokea mwanga mwingi, hivyo picha ya jioni au ya ndani ya nyumba hutoka bila chengachenga nyingi. Pili, lenzi yake hufunguka sana. Tatu, mwenyewe aweza kuamua kila jambo kwa mkono wake: mwanga uingie kiasi gani, kwa muda gani, na kamera ilenge wapi.

Mtu aweza kuuliza kama haja hiyo ingalipo katika zama za simu za mkononi. Ni kweli kwamba baada ya mwaka 2010 mauzo ya kamera ndogo yalishuka sana kwa sababu ya simu. Nasi hatusemi kwamba simu haifai. Tunachosema ni kwamba simu huamua mambo mengi kwa niaba ya mwenyewe, na kamera ya aina hii humlazimisha mtu kuamua. Kwa mwanafunzi wa historia tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa kila hati ni uamuzi wa mtu fulani, na afanyaye uamuzi mwenyewe huanza kuutambua uamuzi wa wengine katika picha za kale.

Mwanga wa Meru na rangi ya ngozi yetu

Tuchukue mfano wa mwanga. Mashine ya kupima mwanga iliyo ndani ya kamera hukadiria kana kwamba yote yaliyo mbele yake, yakichanganywa, ni ya kijivu cha wastani. Sasa wapange wanafunzi thelathini wenye mashati meupe uwanjani saa sita mchana. Kamera itauona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na mashati yatatoka vizuri ilhali nyuso zimekuwa vivuli. Dawa yake si ngumu: mpigapicha aongeze mwanga kwa hatua moja kwa kitufe cha kusahihisha, au awahamishie wanafunzi chini ya kivuli cha mti, au awashe taa ya kamera.

Jambo hili lina historia. Katikati ya karne ya 20 maabara za kusafisha picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley. Ngozi nyeupe ilifanywa kuwa kipimo, na ngozi nyeusi ikaachwa itoke itakavyotoka. Kwa hiyo yule bibi anayeonekana kama kivuli katika picha ya harusi ya zamani hakukosea kusimama, na mara nyingi hata mpigapicha hakukosea. Kipimo chenyewe hakikuwekwa kwa ajili yake. Mwananchi anayejua kukisahihisha kwa kidole chake ameishika sehemu ya uhuru wake.

Vivyo hivyo mlima wenyewe hudai kujulikana. Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, uko kaskazini ya Sekei. Mwezi Desemba jua la adhuhuri huwa upande wa kusini na huuangaza uso wa mlima unaotutazama. Mwezi Juni jua huwa upande wa kaskazini, na uso huohuo hupata mwanga mdogo zaidi. Asubuhi kilele mara nyingi huwa wazi, na baadaye mawingu hukifunika. Hayo wakulima wameyajua tangu zamani. Mpigapicha huyajifunza upya kwa kungoja.

Adabu ya kumkaribia mtu

Kamera kama X100 na GR zina lenzi moja isiyovuta vitu vya mbali. Wapo wanaoona kuwa hiyo ni kasoro. Kwetu ina faida, kwa kuwa humzuia mtu kumwinda mwenzake kwa mbali, kama watalii wanavyowafanyia Wamasai kutoka madirishani mwa magari. Atakaye sura ya mzee hana budi kumwendea, na amwendeaye hana budi kumwamkia shikamoo, kujieleza ni mtoto wa nani, na kuomba ruhusa. Mzee akikataa, basi amekataa. Akikubali, mazungumzo yatakayofuata pengine yatakuwa na thamani kuliko picha yenyewe.

Sheria nazo zimeanza kuufuata utu huo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha kuwa kazi yenye mwenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatukumbusha kwamba habari za mtu si bidhaa ya kila mpita njia. Lakini hata pasingekuwa na sheria, desturi ya kubisha hodi ingetutosha.

Mali bila daftari

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kamera ya dijitali huandika yenyewe, ndani ya kila picha, tarehe na saa, aina ya kamera na kiasi cha mwanga, iwapo tu mwenyewe ameiweka saa yake sawasawa. Lakini haiandiki jina la mtu, wala la mahali anapopajua mwenyeji, wala sababu ya watu kukusanyika. Mashine yajua saa. Haijui kwamba aliyeketi katikati ni shangazi aliyewalea watoto saba.

Aidha, picha za dijitali hufa kwa ghafla. Sahani za kioo za Leipzig zimepita vita viwili vikuu na zingali zikisomeka kwa sababu ziliwekwa mahali pamoja, zikapewa namba, na akawepo mtu wa kuzitazama. Picha elfu kumi za mwananchi wetu zaweza kupotea siku moja kwa kadi kuharibika, kwa wizi, au kwa simu kutumbukia katika maji. Je, haitakuwa aibu ikiwa mwaka 2100 mtoto wa Sekei atawaona babu zake wa mwaka 1905 kwa hisani ya Wajerumani, na asiwaone wazazi wake wa mwaka 2025 kwa uzembe wetu?

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu na wanafunzi kazi iliyo ndani ya uwezo wa shule yenye kamera moja tu. Kila mwaka, mwezi uleule, wapige picha kutoka mahali palepale: njia ya kupandia Sekei, kingo za mto, soko, migomba inayopungua na nyumba zinazoongezeka. Kila picha iandikwe katika daftari: nani, wapi, lini, kwa nini, na nani aliyepiga. Picha zitunzwe katika nakala tatu, moja ikae mbali na shule. Zilizo bora zichapishwe kwenye karatasi na kuandikwa nyuma kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hupenya na kuchafua. Kamera yenyewe ihifadhiwe pakavu, isije ikaota ukungu ndani ya lenzi.

Pia wazikusanye picha za studio zilizomo majumbani na kuzipiga nakala, kisha wawaulize wazee. Hata picha isiyo na mwaka yaweza kupata mwaka wake. Waarusha wana kalenda ya marika, yenye majina kama Seuri, Makaa na Landisi; mzee akiwatambua waliomo na kusema walikuwa vijana wa rika fulani, kijana mwenye daftari amekwisha kupata kipindi cha picha hiyo. Maarifa hayo hayamo katika kamera yoyote ya Japani wala ya Marekani. Yamo vichwani mwa wazee wanaopungua kila mwaka, na kazi ya kuyauliza haiwezi kungoja.

Hitimisho

Tumeona jinsi kamera ilivyoingia katika nchi ya Meru pamoja na utawala wa kigeni, jinsi ilivyowapa majina wanyama na milima na kuwanyima watu, na jinsi ilivyoshuka bei na uzito hadi ikafika mikononi mwetu. Hakuna sasa anayetuzuia kujipiga picha wenyewe, kwa kipimo cha ngozi zetu na kwa adabu ya nyumbani kwetu. Kilichobaki ni kazi ndogo isiyo na sifa, ya kukaa jioni na kalamu na kuandika majina ya watu tuliowapiga picha mchana. Shule itakayoifanya kazi hiyo kwa miaka kumi tu itakuwa imelijengea taifa makumbusho, na haitahitaji kuomba fedha za mtu yeyote kuyaanzisha.